Faili la Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimethibitisha. Nina ugonjwa adimu.

Siku kumi na mbili sasa najikuna. Katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni penye mkanda. Vipele vidogo vidogo, na usiku ndiyo vinachachamaa. Mtu mwingine angesema ni mbu, akageukia upande wa pili. Mimi si mtu mwingine. Mimi ni karani wa masijala ya hospitali, mwaka wa kumi na moja huu, na mafaili yote yamepita mikononi mwangu. Malaria nimeichoka. Presha, sukari, tumbo, kikohozi, kila mtu anavyo, na sababu zake zimebandikwa ukutani pamoja na picha. Lakini lipo lile kabati la chuma la pembeni, la magonjwa adimu. Lina mafaili saba tu. Daktari bingwa akija, anaanza na kabati lile.

La nane ni langu.

Nimesoma kile kitabu kinene cha magonjwa. Kinasema mengi ya yale adimu ni ya kurithi. Nikakumbuka marehemu baba. Alikuwa akijikuna sana, hasa akiulizwa swali. Basi, kumbe ni wa ukoo.

Bingwa wa ngozi anakuja Alhamisi. Darubini, yule mtu wa maabara anayejiona, alinichungulia mikono akasema nipite kwake anikwangue kidogo atazame. Nikamwambia nina kazi. Anadhani sijui anachotaka. Anataka augundue yeye.

Jumanne, 4 Machi

Habari njema. Mke wangu naye anajikuna. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kumlea mtoto, naye anajikuna. Na Kadogo wetu, miezi minane, ana vipele viganjani na kwenye nyayo. Nimechora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, na kila anayejikuna nimempa duara jekundu.

Kikatokea kikwazo cha kisayansi: mke si damu yangu, na mama yake ndiyo kabisa. Nikakaa nacho saa nzima. Jibu likaja lenyewe. Ugonjwa huu una nguvu kiasi kwamba unarithiwa hata na wakwe. Kitabu kizima hakina kitu kama hicho.

Mke alitaka kumpeleka mtoto kwa nesi. Nikamsihi asubiri mpaka Alhamisi, maana nesi atampaka dawa za watu wote na ushahidi utapotea. Akaniuliza ushahidi wa nini, mtoto kaiba? Mama mkwe akasema yeye tangu mwanzo alijua binti yake ameolewa na kichwa ngumu. Nimemwongezea duara la pili.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yamepanuka. Mlinzi wa geti, ninayecheza naye drafti mchana, anajikuna. Mama wa chai anajikuna. Mhasibu niliyemwazima sweta langu anajikuna mpaka mgongoni, anatumia rula. Kila anayejikuna nimemwingiza kwenye mti kikarani: tarehe, chumba, nani kakaa na nani, nani kashika nini.

Nikawaza. Kama ni wa kurithi, basi mlinzi ni ndugu yetu. Nikamwendea kwa adabu zote, nikamuuliza kama marehemu mama yake aliwahi kumfahamu marehemu baba yangu, na kama walifahamiana sana. Sijui alielewa nini. Jioni alikataa kunifungulia geti. Nimeruka ukuta nikiwa na mti wa ukoo mdomoni, na suruali imechanika.

Nyumbani si kuzuri. Kadogo amejikuna mpaka vifundo vinatoa damu. Analia kile kilio cha chini, cha mtu aliyechoka. Roho imeniuma, sitaki kuficha. Nilimbeba, nikamvalisha soksi mikononi asijiumize. Ni uvumbuzi wangu mwenyewe, wala sikuuona kwenye kitabu. Mke hakusema asante. Hakusema chochote, hata nilipomuuliza chumvi iko wapi.

Imebaki siku moja tu. Jina langu nimeliandika mbele ya neno “ugonjwa” mara ishirini. Linakaa vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa. Mimi ni mtu wa kumbukumbu.

Nilivaa suti. Nikaingia na mti wa ukoo na hotuba ya kurasa nne. Mke alikuwa amenitangulia, yuko kwenye benchi na mtoto, hakunisubiri hata tutoke pamoja.

Nikampa bingwa mkono. Mikono yake akaitia mifukoni. Nikajua ni heshima. Akatazama vidole vyangu sekunde tatu, nilihesabu, akauliza kama nyumbani kuna wengine wanaojikuna. Nikafungua hotuba. Akamgeukia nesi mkuu akasema upele, dawa dirisha namba nne, nyumba nzima.

Upele! Ule wa bweni, wa mabenchi ya shule! Nikamwambia labda hakuona vizuri. Akaitwa Darubini, akanikwangua kwa kisu kidogo, akaweka kwenye lenzi, akanikaribisha kwa unyenyekevu wa kinafiki. Nikachungulia. Kalikuwemo kadudu ka mviringo, ka miguu minane, kanajikokota. Darubini akanieleza kwa sauti ya kusikika mpaka korido: kanachimba njia chini ya ngozi, kanataga humo, kanahama ngozi kwa ngozi. Hakajali ukoo. Kanachohitaji ni kugusana. Halafu akauliza, ni nani hapa hospitali anayesalimia wagonjwa wote dirishani kwa mikono miwili, na kuishikilia mpaka faili lipatikane?

Kila mtu anajua ni nani. Ni utaratibu wangu, nimeuanzisha mimi, na wagonjwa wanaupenda.

Hilo ningelimeza. Lakini bingwa akamtazama Kadogo, akamvua zile soksi, akauliza ameanza lini. Mke akasema wiki iliyopita. Akauliza kwa nini hakuletwa. Mke akanitazama, na wote wakanitazama. Kadogo naye akanitazama, akacheka, kwa sababu ananipenda.

Nilikwenda kusimama stoo kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni ya dirisha namba nne imefika getini. Naitwa Profesa wa Upele. Mama wa chai ameniwekea kikombe changu peke yake, kimefungwa uzi.

Saa nne nikaitwa kwa nesi mkuu. Nikajikaza kisabuni, nikijua nafukuzwa. Kumbe anataka majina ya wote niliogusana nao, wao na waliogusana na wao, ili watibiwe siku moja. Akasema kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki, watu hawakumbuki.

Nikamtandazia mti wa ukoo mezani. Watu thelathini na mmoja, nani kagusa nani, tarehe, chumba, sweta. Akaufuata kwa kidole, duara kwa duara. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kupata orodha safi namna hii. Akaita wengine waje waone. Darubini naye akaja, akautazama, akaazima kalamu anakili.

Kwa hiyo nani kagundua nini? Nimerudi masijala kifua mbele. Kwenye dirisha langu wamebandika tangazo: HAIRUHUSIWI KUSALIMIANA KWA MIKONO. Ni tangazo la kwanza hospitali nzima lililotungwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Jana jioni tulipaka dawa, nyumba nzima kwa pamoja, shingoni mpaka nyayo, na Kadogo mpaka kichwani kama nesi alivyoelekeza. Asubuhi tumeoga. Mashuka yamechemshwa, mama mkwe akisimamia kwa fimbo. Mke alizungumza nami kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Aliniuliza kama nimejipaka mwili wote. Nikasema nimejipaka.

Jumapili, 16 Machi

Ijumaa ilikuwa zamu ya pili ya dawa, na sasa nyumba imetulia. Usiku Kadogo amelala moja kwa moja mpaka kumekucha. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza anavyopumua, nikalia kama mjinga. Mlinzi ananifungulia geti. Mke ameniambia, mbele ya mama yake, kwamba nilikosea vibaya lakini ile karatasi ilisaidia watu. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kuona.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Chini ya mkanda wa saa, mkono wa kushoto, sikupaka. Zamu ya kwanza wala ya pili. Ni eneo dogo tu, kama kifuniko cha soda. Mtu anayejiheshimu hafuti sampuli yake yote kwa neno la daktari aliyetazama kwa sekunde tatu. Itakuwaje kama kale kadudu kangu ni ka ukoo mwingine, kasikojulikana? Bingwa anarudi mwezi wa sita. Nitamvulia saa. Nikionekana najikuna, sina wasiwasi, nesi mwenyewe alisema kuwasha kunaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya dawa. Nimelifikiria kila upande. Faili la nane nimeshalifungua, nimelisukumia nyuma ya yale saba.

Leo mchana nimevua saa ili sampuli ipate hewa. Mama mkwe akanipa mkono wa suluhu, nikaupokea kwa yote miwili, nikaushikilia kama ninavyofanya kwa wagonjwa. Mke amejilaza kando yangu. Kadogo amesinzia kifuani, ameukumbatia mkono wangu wa kushoto na kuulalia shavu.

Naandika kwa wa kulia. Ule wa kushoto unawasha vizuri kabisa.