Uso wa Kapteni

Leo nimeaibika, jamani, mbele ya bunduki.

Mnanijua. Nilijipeleka London mwenyewe, nikasugua masufuria ya watu hadi nikapata diploma ya kutia rangi sanamu ndogo. (Kampala nzima ninayo peke yangu. Ulizeni.) Kwa hiyo kapteni mmoja alipotaka askari wa plasta, warefu kama kidole, wa kupamba meza ya maofisa, aliitwa nani? Mimi! Na anayewaongoza awe yeye mwenyewe, na masharubu yake.

"Lini?" aliniuliza jana.

"Kesho mchana, afande."

Fundi mwingine angeomba wiki. Mimi singoji rangi ya kwanza ikauke. Napaka nyeusi penye kivuli, kahawia kando yake, zote mbichi, kisha brashi safi inazilainisha zikutane bila alama. Ili zisikauke mapema, natia matone ya mafuta ya kitani. Asubuhi mashavu yao yaling'aa kama ya watu! (London tuliwaanika juu ya chuma cha kupashia chumba joto. Hapa Mengo leo kulikuwa na mvua.)

Mchana nikawapanga mezani kambini. Kapteni akainama. Askari wawili walisimama mlangoni.

"Hii imekauka?"

"Afande, mimi nina diploma."

"Nimeuliza, imekauka?"

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamchukua kapteni mdogo, nikampitisha kidole gumba usoni ili aone.

Banange! Macho, pua, masharubu, vyote vikaondoka. Kichwa kikabaki cheupe kama yai.

Mnajua wako watu wanaoingia pale wasitoke.

"Fundi. Uso yangu iko wapi?"

"Iko... hapa kwa kidole, afande."

Akanishika mkono, akakitazama kile kidole. Akakitazama tena. Kisha akakigandamiza katikati ya paji langu.

"Usifute. Chunga uso yangu mpaka urudishe."

Askari walingoja acheke yeye kwanza. Alipocheka, walicheka mpaka bunduki zikagongana.

Nimetembea hadi nyumbani na doa la kahawia kwenye paji, mimi mwenye diploma! Mke wangu ameleta maji na sabuni, nimemkatalia. Nanyi msithubutu kucheka. Anayelicheka paji hili anamcheka kapteni.