Mama Mukwe mu Chumba ya Rais

Redio ya Mama Berthe ilikuwa imefungwa kwa nyaya za shaba, na habari za serikali ilizitoa kwa sauti kubwa kuliko kengele ya Misa. Ijumaa ile jioni ilitangaza: kesho, baada ya salongo ya lazima ya kufagia barabara, Citoyen Komisere, mkubwa wa mji, atawatembeza wananchi wa Likasi ndani ya rezidansi ya Rais, chumba kwa chumba, na mlinzi wa nyumba atawafundisha historia yake.

Kwenye benchi ya wanywaji wake, kikombe cha pombe ya munkoyo cha Hilaire kikasimama njiani, kati ya goti na mdomo. Mlinzi mwenyewe ndiye yeye. Jina la Hilaire lilikuwa la kunong'onezwa tu, maana majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyapiga marufuku. Kijiwe kizima kilimwita Protocole.

— Protocole, utatufundisha nini? akauliza Germain wa kiwanda cha Shituru, aliyeitwa Asidi kwa ajili ya ulimi wake. Historia ya ile nyumba minye naijua. Alijenga muzungu mukurugenzi, akakimbia. Akaingia minisita ya Katanga, akakimbia. Bakaingia basoda ya ONU, ya mataifa yote, bakamaliza divai, bakaenda. Sasa njo iko ya Rais.

— Na Rais alilala mule mara ngapi? akauliza Asani, muuza chumvi.

— Hata siku moja! Lakini mashuka inafuliwa kila juma. Weye bana yako banabanana ku mukeka moja, na kule kitanda inangojea muntu mwenye hakuye!

— Haingojee, akasema Hilaire polepole. Iko muntu.

Benchi nzima ikamgeukia.

— Muntu gani?

— Mama mukwe yangu.

Mama Berthe alicheka mpaka akashikilia sufuria. Hilaire akaeleza yote. Mama mkwe alitoka kwake, ziwani Tshangalele, na kapu la samaki wa moshi, kuja kuona wajukuu. Mvua ikanyesha, kibanda cha mlinzi kikavuja, mkewe akamlaza mama yake nyumba kubwa, usiku mmoja tu. Asubuhi bibi akabonyeza godoro la Rais kwa kidole, akasema linafaa mgongo wake. Tangu siku hiyo yupo.

— Mutoshe, aende kwake! akasema Asani.

— Namutosha namna gani? Ni bukwe! Nikisikia kandambili zake tu, minye naingia mu majani. Toka nioe sijamuangalia mu uso. Leo niingie mu chumba kwenye analala?

Hapo hata Germain hakucheka. Benchi ile ilibishia mpira, ilibishia Askofu, ilimbishia hata Komisere kwa sauti ya chini. Lakini jambo la mwanamume kuingia chumba cha mama mkwe wake halikuwa na upande wa pili.

— Basi weye utalala ku gereza ya Buluo, Germain akasema. Kule chumba banakufungulia bo benyewe.

— Muke yake amuambie mama yake, akasema Asani.

— Nilimutuma. Anasema mama hafukuzwi.

Mama Berthe akajifuta mikono. Bukwe huongeleshwa kwa mdomo wa mtu mwingine, naye mdomo alikuwa nao. Akaenda. Aliporudi alikuwa ameuma midomo asicheke.

— Anasema hivi: "Muambie mukwe yangu, nilimupa binti, yeye akanipa kitanda. Kama anataka kitanda yake, arudishe binti." Lakini usilie, Protocole. Jumatatu anarudi kwake. Samaki ya huku haimupendeze.

— Jumatatu! Na Komisere iko anakuya kesho!

Jumamosi jioni Hilaire alifika kijiweni akitembea kama mtu aliyetoka kuzikwa. Germain, aliyekuwa ndani ya msafara, hakumngoja hata akae.

— Asani, ulikosa! Tunafika ku mulango ya chumba. Komisere anasema: fungua! Protocole anapa mulango mugongo. Sema mwenyewe ulijibu nini!

— Nilijibu kweli tupu, akasema Hilaire. "Citoyen Komisere, ndani iko muntu analala. Minye ile mulango siwezi fungua, hata unifunge."

— Kiisha, mule ndani, kikohozi! Khoo! Ya mukubwa kabisa! Komisere akageuka sawa unga. Angeuliza ni nani, ingeonekana Kinshasa haikumuambia kama Rais amefika. Akasema: "Najua, najua. Balinijulisha." Akavua kofia!

— Na viatu, akaongeza Hilaire.

— Na viatu! Akatuambia tuimbe, lakini polepole. Bamama ba animation, benye kuimbia Rais sifa, bakacheza juu ya vidole, na sura ya Rais ku matako ya kitenge inatikisika bila kelele!

— Na historia? akauliza Asani.

— Nani alikuwa na masikio ya historia? Komisere aliinamia mbao ya mulango, akarudi kinyumenyume mpaka ku barabara.

Asani akajipiga mapaja.

— Basi umepona! Buluo imekukosa, na bukwe anaenda zake Jumatatu. Mama Berthe, mumiminie!

Hilaire hakugusa kikombe.

— Komisere ametuma kuku, akasema. Anasema atatuma kila siku.

— Na bukwe anasema nini?

Mama Berthe ndiye aliyebeba maneno. Akakohoa kidogo.

— Anasema: "Muambie mukwe yangu, sasa njo ameniheshimu. Hata bwana yangu hakuniimbia vile. Ile safari ya Jumatatu aisahau. Na bale bamama, juma inakuya, baimbe na nguvu kidogo, masikio yangu imezeeka."

— Sasa atatoka lini? Hilaire akalia. Asidi, atatoka lini?

Germain akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama.

— Protocole, zoea. Historia ya ile nyumba ni moja. Muntu akiisha kuimbiwa mule, hatoke mpaka akimbizwe. Na mwenye kumukimbiza, hata kumuangalia mu uso anaogopa.

Papo hapo abakost nyeusi, koti la watu wa usalama, ikatokea kwenye kona, na kalamu tatu mfukoni. Asani akakumbuka chumvi yake, Mama Berthe akaongeza sauti ya redio, Germain akaanza kuimba sifa. Hilaire peke yake hakuiona ile abakost. Alikuwa amekwisha sikia kandambili, na yuko mu majani.