Fidia kwa Asiyesalimia

Kwa fahari kubwa natangaza kwamba mwaka huu wa 1996 Serikali imetambua kuwa mtumishi wake ana miguu. Magari ya ofisi tulishayapiga mnada, kama sera mpya zinavyoelekeza, hivyo atakayeumia akitembea kwenda kazini atalipwa fidia. Masharti yalipangwa na kamati maalumu, na mwenyekiti wake ni mimi, Aminieli.

Shauri la kwanza lilikuwa la Theopista, karani wetu wa masijala, anayeshuka kila asubuhi kutoka Kibosho hadi ofisini Moshi mjini. Aliteleza kwenye tope akavunjika mguu. Tungemlipa bila kelele, ila uchunguzi wa kina ulibaini kwamba kabla ya kuteleza alisimama kumwamkia bibi mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza.

"Shikamoo, bibi. Halafu nikamuuliza kama ng'ombe ameshazaa."

"Ng'ombe wa Serikali?"

"Wa kwake, mzee."

Hapo shauri likaisha. Tulitoa waraka: mtumishi anayesalimiana njiani ametoka kwenye safari ya Serikali na kuingia mambo yake binafsi, na fidia hana. Theopista alilia. Mimi pia niliumia, kwa kiwango cha mwenyekiti.

Waraka ulifanikiwa kupita kiasi. Watumishi walishuka mlimani midomo imefumbwa, macho mbele. Wazee wakaanza kuulizana nani kawaroga watoto wao. Mimi nilifurahi kuona nidhamu imerudi kazini.

Jumatatu moja, nikishuka mwenyewe, nikajikuta ndani ya mfereji wa kumwagilia migomba, mguu umeelekea nisikokwenda. Nilipiga yowe. Primus, katibu wa kamati, alisimama, akaukumbuka waraka, akaendelea na safari.

Aliyenitoa ni Theopista, kwa mkongojo wake. Alikuwa nyumbani akiuguza mguu, kwa hiyo waraka haukumzuia kuwa na utu.

Kamati ilinifuata wodini kunihoji.

"Mzee," alisema Primus, kalamu mkononi, "Theopista anasema alikuamkia kutoka kibarazani kwake, ukageuka, ndipo ukaanguka. Uliitikia?"

Fidia yangu yote ilining'inia hapo.

"Sikuitikia. Mimi nikiwa njiani ni Serikali. Serikali haiitikii."

Wodi nzima iliguna. Kwetu huku, mtu mzima asiyeitikia shikamoo ni bora angekuwa mwizi wa ndizi. Primus aliandika.

Mara Theopista akaingia akichechemea, na chupa ya mtori, supu yetu ya ndizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Hamjambo nyumbani? Yule ng'ombe wa bibi alizaa nini?"

"Jike," alisema, akinimiminia mtori. "Lakini si nilikujibu siku ile, mzee? Uliniuliza kabla hujaanguka."

Primus akaacha kuandika.

Waraka niliufuta kesho yake, kwa maslahi mapana ya Taifa. Theopista akalipwa. Mimi nikanyimwa, kwa kosa la kuidanganya kamati yangu mwenyewe.