Sindano Baada ya Magharibi

Jumatatu, 12 Mei 1975

Siku kubwa! Mwalimu Laurean ametangaza kwamba Jumamosi lori la ushirika litakwenda Kibaha kuchukua vifaranga vya mradi wa shule. Anataka mwanafunzi mmoja wa darasa la saba wa kushika maboksi. Huko Kibaha ana rafiki anayefundisha sayansi, na rafiki huyo ana hadubini. Mwanafunzi atakayekwenda ataruhusiwa kuchungulia tone la maji ya bwawa. Mimi hadubini nimeiona kwenye picha tu, ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha sayansi. Nimeuangalia ukurasa huo mpaka umechakaa.

Atachaguliwa yule atakayetoa hotuba bora ya kupinga imani potofu siku ya Alhamisi. Sare iwe safi, isiyo na tundu.

Jioni nimeanzisha Chama cha Wasioamini. Wanachama: mmoja. Mimi ni mwenyekiti, pia katibu. Kidawa, ninayekaa naye dawati moja, amekataa kujiunga. Amesema kwao wanaamini kila kitu na hawajawahi kupata hasara.

Jumanne, 13 Mei

Majaribio yameanza. Giza lilipoingia nilipiga mluzi nyuma ya nyumba, kwa sababu wanasema mluzi wa gizani unaita nyoka. Nyoka hakuja. Alikuja Baba. Nimeandika kwenye daftari: nyoka, hapana, fimbo, ndiyo, mbili.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekalia kinu robo saa nzima. Inasemekana binti akikalia kinu, mama yake huumwa mgongo. Wakati wa kula nikamwuliza Mama, kwa upole, mgongo wake unaendeleaje. Akasema unamwuma hata kuinama hawezi. Lakini alikuwa akilima shamba la kijiji tangu asubuhi, kwa hiyo jaribio halihesabiki. Nilipomweleza hivyo akasema kesho nitalima mimi, na yeye ndiye atakayekalia kinu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeshinda!

Nilimwomba Kidawa akae chini mbele ya darasa, anyooshe miguu. Alikubali kwa kuwa alidhani ni mazoezi ya viungo. Nikamruka. Hapa kijijini Chole hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba ukimruka mtu miguu, lazima urudi umruke tena, la sivyo haongezeki kimo. Darasa zima wakaanza kunisihi nirudi. Wengine walisimama juu ya madawati. Sikurudi! Nikasema mifupa hurefushwa na chakula, wala haijali nani kapita juu yake. Mwalimu Laurean akapiga makofi. Nakwenda Kibaha.

Kidawa hakupiga makofi. Ndiye mfupi kuliko wote darasani, na alikuwa bado na matumaini. Nimemwambia ni kwa ajili ya maendeleo. Amehamia dawati la mbele.

Ijumaa, 16 Mei

Balaa. Jioni nikiwafungia mbuzi wa shule, sketi imenasa kwenye seng'enge na kupasuka shubiri nzima. Sketi ya shule ninayo hiyo hiyo. Sindano ya nyumbani imepotea tangu Pasaka.

Nikakimbia dukani. Jua lilikuwa limeshazama. Nikamwamkia Mzee Zahoro, akaitikia vizuri. Nikaomba sindano. Akasema hana. Nikamwonyesha zile zilizochomekwa kwenye kadi ukutani. Akasema hizo ni za kesho, sindano haiuzwi baada ya Magharibi. Nikamweleza kwamba chuma hakijui kama jua limezama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba nimesoma, akafunga dirisha.

Lori linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Yeye hufungua saa moja.

Ikabaki nyumba moja tu yenye sindano, kwa Bibi Biubwa. Bibi Biubwa ni bibi yake Kidawa.

Walikuwa wamekaa mkekani barazani, wote wawili. Nikaeleza shida yangu. Bibi akasema kumpa mtu sindano saa hizi ni kuleta ugomvi ndani, na ndani tayari kuna mtoto asiyekula tangu jana, ameambiwa atabaki alivyo.

"Mjukuu wangu kwanza, mwanangu," akasema. "Mrudishe ulivyomkuta."

Kidawa akanyoosha miguu bila kuambiwa. Nikasema kwamba mimi kama mwenyekiti siwezi.

"Hadubini unaitaka, huitaki?" akauliza Kidawa.

Nikaruka. Akasema mara moja haitoshi, maana jambo lenyewe limeshalala usiku mzima. Nikaruka mara tatu. Kila mara nilitangaza kwamba ni mazoezi ya viungo.

Hapo Bibi akachomeka sindano kwenye kipande cha muhogo, akakiweka chini mbele yangu. Akasema yeye kanipa muhogo. Kilichomo humo ni baina yangu na Mungu wangu. Kisha akageukia ukutani asione. Nilishona kwa mwanga wa koroboi. Mshono ukapinda. Kidawa akaniangalia, akaufumua, akaushona yeye.

Jumamosi, 17 Mei

Kibaha!

Tulichelewa kidogo kuondoka. Mwalimu Laurean alijikwaa mguu wa kushoto mlangoni kwake, akarudi ndani, akakaa dakika tano, akatoka akitanguliza mguu wa kulia. Alisema alisahau kalamu. Kalamu ilikuwa mfukoni muda wote. Mwalimu ni mwalimu.

Hadubini ni nyeusi, nzito, inanukia mafuta ya cherehani. Nilipewa dakika moja tu, maana dereva alikuwa akipiga honi na vifaranga vinapata joto. Lakini nimeona! Viumbe vyembamba, vyeusi, vimejipanga safu kama gwaride, na vyote vinatikisika pamoja kila nikipepesa. Njia nzima ya kurudi nimekumbatia boksi la vifaranga na machozi yananitoka. Mwalimu alidhani ni vumbi.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada nimemchorea Kidawa viumbe wangu. Ameutazama mchoro, akanitazama mimi, akarudi kwenye mchoro.

"Benedikta," akasema, "hizi ni kope zako."

Nikamwambia hajawahi kufika Kibaha. Akasema ni kweli hajafika, lakini kope anazo.

Nimekwenda kwenye kioo cha Mama, nikapepesa, nikaziona zile zile. Basi.

Hata hivyo Mwalimu amesema muhula ujao watafuata vifaranga vingine, na ataangalia upya nani aende. Lazima niende mimi. Kwa hiyo leo mchana nimeweka nadhiri: nikichaguliwa tena, na jicho langu likapata tone lenyewe, nitagawa sahani nzima ya kashata kwa watoto wadogo wa kijiji. Kidawa amenielekeza namna ya kutamka. Nimetamka mara saba, ili isiwe na utata.

Si kwamba naamini. Ni kujipanga mapema. Sukari haijaonekana dukani tangu Februari, lakini hilo ni suala la utekelezaji.