Githinji Wawili na Mapacha Wasiokuwepo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mvua tangu alfajiri. Miezi mitano sasa bila kazi. Saa nne akapiga simu Surekha, mwenye duka la vitabu Thika. Namba yangu alipewa na mtu wa hapa Kimbo. Anamtaka Mwalimu Githinji aje Jumamosi alinganishe riwaya na filamu yake mbele ya wasomaji. Akiwaridhisha, watamwajiri kuongoza chama chao.

Huyo ni binamu yangu wa Membley. Sote ni vifungua mimba, sote tulipewa jina la babu, na nusu ya Ruiru hutuchanganya. Yeye ana kazi. Nikasema nitafika.

Jumatano, 11 Juni
Riwaya ina kurasa mia nne! Filamu, saa moja na nusu. Nimeitazama kwa simu ya Emmah, jirani. Pacha mmoja anadhaniwa kuwa nduguye, anakalia nyumba yake, anamwoa mchumba wake. Mwisho harusi. Emmah akauliza kitabu nitakisoma lini. Nikamweleza kuwa hadithi ni ileile, kitabu kinazidi kwa karatasi tu.

Jumamosi, 14 Juni
Aibu tupu. Dakika ishirini nzima nimesifu mapacha. Mzee Gurjeet, safu ya mbele, akafunga kitabu chake na kusema humo hamna pacha hata mmoja. Ni binamu wawili walioitwa jina la babu yao. Waliogeuza ni watu wa filamu, wakihofia wageni hawataielewa desturi hiyo. Desturi yetu! Mimi, kati ya Wakikuyu wote!

Surekha akaniuliza kwa upole yule mwongo wa kitabuni anaishia wapi. Nikasema harusini.

"Wanamzika na jina ya mwenzake," akasema. "Na hakuna mtu anamlilia."

Kazi imekwenda. Nilitaka kulia, nikaomba chai.

Jumapili, 15 Juni
Binamu amekuja, uso umemshuka. Thika nzima inasema Mwalimu Githinji hasomi vitabu. Akauliza ni nani angeweza kutumia jina lake hivyo. Nikampa pole. Nikamwambia watu wamekuwa wabaya. Alipoondoka nilijisikia vibaya sana, karibu saa nzima.

Jioni akapiga simu Maxine, wa chama cha wasomaji huko Theta. Anamtafuta Mwalimu Githinji. Riwaya nyingine, nayo ina filamu.

Nimemuuliza filamu ni ya muda gani.