Mwenge wa Dampo la Nkwantakrom

Wananchi wote wa Jiji la Nkwantakrom walitangaziwa, kwa gari lenye vipaza sauti viwili ambavyo kimoja kilikuwa kizima, kwamba jiji lao limeingia rasmi vitani dhidi ya adui asiyeonekana, asiyeshikika na asiye na harufu. Adui huyo aliitwa methani. Wananchi waliombwa wasiwe na hofu, kwa kuwa serikali imekwisha kumuundia idara.

Idara yenyewe iliitwa Idara ya Hewa Isiyoonekana, na mkurugenzi wake alikuwa Bwana Boadi Amponsem. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa makaburi ya jiji, kazi aliyoifanya miaka mingi bila mteja hata mmoja kulalamika. Waliomteua walisema mtu aliyezoea kusimamia vitu vilivyofukiwa hawezi kushindwa na dampo.

Na kweli, Bwana Amponsem alilishika somo upesi. Taka za jikoni zikirundikwa dampo na kufunikana bila kupata hewa, huoza zikatoa gesi. Gesi ikipanda angani, huipasha dunia joto kuliko hata moshi wa magari. Mfuko wa Anga Njema kutoka Ulaya ulikuwa tayari kuchimbia bomba kwenye dampo la jiji litakalofuzu, gesi inaswe, ichomwe juu ya bomba kama mwenge. Jiji likiwasha mwenge, linapata mradi. Likipata mradi, mkurugenzi anakuwa Kamishna. Kamishna ana gari lenye bendera. Bwana Amponsem alikuwa amekwisha kumwita fundi cherehani kuhusu bendera.

Waziri angekuja kuuwasha Jumamosi ya wiki iliyofuata, pamoja na wageni wa Mfuko. Mwenge usipowaka, Bwana Amponsem angerudishwa makaburini, na tetesi zilisema kiti chake cha kule kimeshapewa mpwa wa mtu. Kwa hiyo alipomwona mhandisi wake, Esenam, anaingia ofisini na uso uliokunjamana, alisimama kabla hajasalimiwa.

"Mkurugenzi, hamna kitu," Esenam alisema.

"Hamna kitu kivipi?"

"Hamna gesi. Bomba tumelizamisha mpaka chini. Nimewasha kiberiti mpaka nimeungua kidole. Dampo lako limejaa vifuko vya maji, chupa na kandambili. Plastiki haiozi, bosi."

"Na maganda je? Mji mzima huu unatwanga fufu! Usiniambie watu wanatwanga na maganda."

"Watu hawayali. Kondoo ndio wanayala."

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kuona ni jambo la kulitaja. Kila mama ntilie wa Nkwantakrom, akishamenya muhogo na ndizi za kutwangia fufu, ugali wao wa kinuni, huweka maganda nyuma ya kibanda. Hapo wanakuja kondoo na mbuzi. Ya ndizi yanayosalia huanikwa, huchomwa, na majivu yake yanapikiwa sabuni nyeusi. Dampo halipati kitu.

Mtu asiye na elimu ya uongozi angefurahi. Angesema, kumbe adui tumeshamnyima chakula siku nyingi! Bwana Amponsem hakuwa mwepesi hivyo. Aliona hatari palepale: jiji lisilo na methani haliwezi kupunguza methani, na jiji lisilopunguza methani halina haja na Kamishna.

"Hii ni hujuma," alisema.

Kesho yake lilitoka Agizo la Maganda. Maganda yote ya muhogo, ndizi na magimbi yalitangazwa kuwa rasilimali ya kimkakati, nayo yapelekwe dampo yakaoze kwa utaratibu. Kondoo na mbuzi walitajwa kuwa walaji wasio na kibali. Askari wa jiji wakapewa aboboyaa, zile pikipiki za magurudumu matatu zenye bodi nyuma, wakaanza kupita vibanda vya fufu wakizoa maganda kabla hayajagusa chini. Watu walicheka mwanzoni, wakidhani ni mambo ya uchaguzi.

Maame Dufie hakucheka. Huyu ndiye aliyekuwa akimpikia Bwana Amponsem fufu yake ya mchana kila siku ya kazi, tena akimwekea mguu wa kuku bila kuombwa. Alikuwa na kondoo wachache nyuma ya kibanda, na mkubwa wao, dume mmoja mwenye kengele shingoni aliyeitwa Kapteni, ndiye aliyekuwa akimnenepesha kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alipanda ngazi za idara na aproni yake, akaingia bila kubisha hodi.

"Mwanangu Amponsem, jana umekula kwangu ukalamba vidole. Leo askari wako wamebeba chakula cha kondoo wangu. Nimekukosea nini?"

"Mama, hili si la kwako peke yako. Hili ni la dunia. Dunia inapata joto."

"Na dawa ya joto ni Kapteni kushinda njaa?"

"Dawa ni maganda kwenda kuoza."

"Yakioza ndiyo dunia inapoa?"

"Hapana, mama. Yakioza dunia inazidi joto. Halafu sisi tunaipoza. Ndio mradi wenyewe huo."

Maame Dufie alimtazama kama anavyotazama supu iliyozidi chumvi.

"Kwa hiyo unachoma nyumba ya watu ili upate nafasi ya kuja na ndoo."

Bwana Amponsem aliipenda sentensi hiyo, akaona ikirekebishwa kidogo itafaa kwenye hotuba.

"Mama, sogea kidogo," alisema, "unanizibia upepo wa feni."

Maame Dufie akasogea. Alifika mlangoni ndipo akageuka.

"Haya. Lakini Kapteni ana kichwa kigumu, mimi nimekwambia. Akiyafuata maganda yake huko yaliko, usije ukaniita."

Maganda yakajaa dampo mpaka yakatengeneza kilima cha kijani na kahawia. Bwana Amponsem alikwenda kukitazama asubuhi na jioni, akivuta hewa puani kwa matumaini. Siku mbili kabla ya sherehe alimwita Esenam.

"Sasa gesi iko wapi?"

"Njiani, bosi. Miezi sita hivi, mvua zikisaidia."

"Miezi sita! Waziri anakuja Jumamosi!"

"Basi mwambie aje na kitabu, asome akisubiri."

Bwana Amponsem aliagiza maganda yaharakishwe. Barua iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikapelekwa dampo. Maganda hayakuharakika. Ijumaa jioni akili ikamjia yenyewe, wakati akitazama hema la mpishi aliyeletwa kumpikia Waziri wali wa jolofu. Mle hemani mlikuwa na mtungi wa gesi mkubwa, umejaa pomoni.

"Mimi sishiki kitu hapo," Esenam alisema alipoelezwa. "Mimi ni mhandisi, si mganga wa kienyeji."

"Hatudanganyi mtu, Esenam. Gesi ni gesi. Tunaitanguliza tu ile iliyochelewa."

Basi Bwana Amponsem alifunga mpira wa gesi mwenyewe, alfajiri ya Jumamosi, akiwa na suti. Aliuunga kwenye mtungi, akaupitisha nyuma ya jukwaa la wageni, akaupandisha dampo mpaka kwenye bomba la mwenge. Ulikuwa mpira wa rangi ya chungwa unaoonekana toka mbali. Akachukua maganda mabichi ya ndizi, mazuri, yaliyomenywa usiku uleule, akaufunika kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alirudi nyuma kuitazama kazi yake, akaridhika nayo sana.

Sherehe ilifana, ukweli usemwe. Tarumbeta zilipulizwa, machifu walikuja na miavuli yao, wanafunzi wakaimba wimbo wa kuilaani methani. Waziri alikuja na tumbo lake. Wageni wa Mfuko waliongozwa na Bi Annelies, mwanamke mrefu mkimya aliyening'iniza kipima gesi shingoni. Mama ntilie walikuwapo pia, wamesimama nyuma ya kamba na mikono kifuani.

Waziri aliinua kiberiti chenye mpini mrefu. Pwaa! Mwenge ukawaka, wa buluu chini na njano juu. Watu wakapiga makofi, hata wale waliokuja kwa ajili ya soda. Bwana Amponsem alitokwa na machozi, na hayakuwa ya uongo.

"Ndugu wananchi," Waziri alinguruma, "moto huu umetoka tumboni mwa Nkwantakrom! Kabla ya serikali hii, gesi hii ilikuwa ikizurura ovyo!"

Hapo ndipo iliposikika kengele.

Kapteni alitokea upande wa barabara, taratibu, bila haraka ya mtu mwenye hatia. Nyuma yake walikuja kondoo wa mji mzima na mbuzi wao, mbavu zinahesabika. Walipita katikati ya tarumbeta, wakapita mbele ya machifu. Askari wa jiji wakaruka huku na huku, "Shii! Rudi! Toka!" lakini mnyama aliyeshinda njaa hajui itifaki. Kilima cha maganda kilikuwa kimeshaanza kuchacha, hawakukigusa. Walikwenda moja kwa moja kwenye yale mabichi.

Wakaanza kula kutoka kwenye bomba, wamejipanga, wanateremka. Kila walipopita waliacha mstari wa rangi ya chungwa.

Waziri alikuwa bado anahutubia. Kapteni akakanyaga mpira, mwenge ukazimika. Waziri akanyamaza. Kapteni akainua kwato, mwenge ukarudi. Waziri akaendelea. Kapteni akakanyaga tena.

"Amponsem," Waziri alisema pembeni ya kipaza sauti, "huu moto una adabu gani?"

"Ni... ni upepo, Mheshimiwa."

Kabla hajamaliza, kondoo walishafika nyuma ya jukwaa na mstari wa chungwa nao umefika, mpaka ndani ya hema la jikoni. Mpishi akatoka mle na mwiko mkononi, jasho linamtiririka.

"Nani huyo kanimalizia gesi ya mtungi wangu? Moto umekata, wali wa Mheshimiwa bado mbichi!"

Bi Annelies alishuka ngazi za jukwaa, akauinamia ule mpira, akasogeza kipima gesi chake. "Gesi ya kupikia," alisema. Kisha akapanda dampo, akakitumbukiza kipima ndani ya bomba la mwenge, akakaa nacho hapo muda mrefu. "Na humu hamna kitu kabisa."

Waziri aligeuka taratibu.

"Amponsem."

"Naam, Mheshimiwa."

"Wali wangu ni mbichi?"

Bwana Amponsem aliyaona makaburi yote ya jiji yakimpungia mkono.

Maame Dufie alikuwa ameshapita chini ya kamba, anahema, amemshika Kapteni pembe.

"Nilikwambia usiniite," alimwambia Amponsem. "Na wala hukuniita. Nimekuja mwenyewe."

"Mama," Bi Annelies aliuliza, "haya maganda zamani yalikuwa yakienda wapi?"

"Zamani gani? Mpaka juzi hapa! Ya kwao hao kondoo. Yanayobaki sabuni. Toka enzi za bibi yangu, mpaka huyu bwana alipokuja kutuambia yakaoze."

Bi Annelies alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema kwamba Mfuko wa Anga Njema una mifuko miwili. Mmoja ni wa miji inayonasa gesi. Wa pili, ulionona zaidi, ni wa miji isiyopeleka chakula dampo hata kidogo. Wameutembeza huo wa pili Afrika nzima, hakuna mji uliojitokeza.

Waziri alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti.

"Kama ambavyo nimekuwa nikisema siku zote," alinguruma, "kondoo ni nguzo ya sera yangu! Lile Agizo la Maganda, lililotolewa na mtu ambaye simfahamu vizuri, nimelifuta sasa hivi!"

Mama ntilie wakapiga vigelegele. Waziri, ambaye njaa ilishamfika kooni, akaenda kula fufu kwa Maame Dufie, akala na kuongeza, na huko ndiko mkataba wa mfuko ule wa pili ulikosainiwa.

Lilibaki jambo moja dogo. Bi Annelies alieleza kwamba kondoo naye, akicheua, hupiga mbweu, na mbweu ile ina methani. Ni kidogo tu. Lakini Mfuko lazima ujue ni kidogo kiasi gani, kila siku, mdomo kwa mdomo. Na anayepima awe mtu wa cheo, asiwe chini ya Kamishna, ili takwimu ziaminike.

Waziri alimwekea Bwana Amponsem mkono begani, ukiwa bado na mchuzi.

"Hongera, Kamishna."

Hivyo ahadi zote zilitimizwa. Gari lilitoka, nalo linabeba maganda kwenda kwa kondoo, maana linachukua mengi kuliko aboboyaa. Bendera imesimikwa kwenye ua wa Maame Dufie, nyuma ya kibanda. Hapo ndipo ilipo ofisi ya Kamishna: kigoda, suti, na kipima gesi kilichoelekezwa mdomoni mwa Kapteni, ambaye harusi imeahirishwa kwa heshima yake na sasa amewekewa bima. Fufu Kamishna analetewa wenzake wa pembe wakishashiba, na mguu wa kuku hauonekani tena.

Juzi jua lilikuwa kali. Kapteni amelala kivulini, anacheua, macho nusu, na Kamishna amechuchumaa mbele yake na kifaa, kimya, anasubiri. Maame Dufie alichungulia kutoka kwenye kinu, mchi mkononi.

"Kamishna," alisema, "sogea kidogo, unamzibia Kapteni upepo."

Kamishna akasogea.