Sauti ya Mama Kabla ya Jumanne

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema Jumanne ijayo. Goita ya Mama lazima itoke. Upasuaji wa kawaida, akasema, ila sauti inaweza kubadilika kidogo, na kwa wengine zaidi ya kidogo. Mama akauliza kama ataweza kula. Ataweza. Basi, akasema Mama, na akaanza kutafuta kandambili zake chini ya kiti.

Mimi nikasahau hata kumsaidia kuzitafuta. Sauti ya Mama! Wimbo wa mlango, wa kutulaza usingizi! Aliutunga mwenyewe tukiwa wadogo, Baba akiendesha malori ya masafa marefu na hakuna ajuaye atarudi lini. Baba ametangulia mbele ya haki. Wimbo upo, lakini upo kooni mwa Mama tu. Hakuna aliyewahi kuurekodi!

Njiani nikatangaza: nitaurekodi mimi, nyumbani kwangu, kwa ubora wa hali ya juu. Dada akanikumbusha kwamba mume wake ana vifaa vyote. Nikashukuru, nikakataa. Shemeji ni mfamasia, mpiga kinanda wa harusini, na mtu asiyekosea. Tangu siku ile nilipomwita aje kutengeneza redio ambayo kumbe sikuichomeka, ananitazama kwa huruma. Huruma ya shemeji ni mbaya kuliko matusi.

Jioni, duka la vifaa vya muziki. Muuzaji akauliza kama nyumbani kwangu kuna utulivu. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa udereva, utulivu ndiyo kazi yangu. Akanipa maiki ndogo nyeusi. Hii husikia kilicho mbele yake tu, akasema, kwa nyumba ya kawaida inatosha. Lakini pembeni ilikuwepo nyingine! Nene, ya rangi ya dhahabu, imening'inia kwenye mipira kama sultani kwenye machela. Akasema hiyo husikia kila kitu. Kila kitu! Nikaichukua. Akauliza kama ninacho cha kuiwashia. Nikasema ninacho. Sikujua anazungumzia nini, ila kulikuwa na foleni nyuma yangu.

Jumanne, 4 Machi

Haiingii popote. Mkia wa maiki una pini tatu, kompyuta haina tundu la namna hiyo. Nimejaribu kwenye televisheni pia. Mke wangu akauliza kama na pasi nimejaribu.

Nimesoma maelezo. Kumbe maiki hii inataka kisanduku chake, cha kuipa umeme na kuipeleka sauti kwenye kompyuta. Bila kisanduku ni pambo. Kisanduku anacho nani? Shemeji.

Mbinu! Nimemtuma mke wangu kwa Dada aombe kisanduku kwa niaba ya mwalimu mwenzangu kazini, mtu wa watu, ana shida. Safi kabisa, hakuna alama yangu popote.

Amerudi nacho. Shemeji amekifunga kwenye taulo vizuri kabisa. Salamu zake: huyo mwalimu mwenzake asisahau kubonyeza kitufe chekundu cha kupeleka umeme, na awasalimie watoto wake, hasa yule mdogo mwenye mafua.

Mwanangu mdogo ana mafua.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kuchagua programu. Iko ya bure, vitufe vichache, ukibonyeza inarekodi. Ya watoto hiyo! Iko nyingine yenye vitufe kama mbele ya rubani wa ndege, unaruhusiwa kuijaribu wiki mbili. Nimepakua ya rubani. Kompyuta ikanguruma kama gari la shule yetu likipanda mlima kwa gia ya tatu.

Mchana Mama akaja. Nikamvisha hedifoni. Akaanza kuimba, akanyamaza ghafla, akauliza ni nani huyo anayemfuatisha. Nikamwambia ni yeye mwenyewe, sauti inazunguka kwenye kompyuta, ndiyo maana inamfikia kwa kuchelewa. Mama ni mtu wa adabu. Akaanza upya, polepole, ili mwenzake amfikie. Mwenzake naye akapunguza mwendo. Mwishowe wote wawili wakanyamaza, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Tukasikiliza kilichorekodiwa. Mama anasikika mbali, kama aliyesahauliwa bafuni. Friji inasikika karibu. Mashine ya fundi wa kuchomelea, jirani yetu, inasikika kana kwamba anachomelea ndani ya sikio langu. Kila baada ya muda mlio mkali: tiiii! Huo ni wa programu yenyewe, inakumbusha kwamba tunaijaribu tu. Mama akasema friji ina sauti nzuri, nikuze kipaji chake.

Nampenda Mama. Hakulalamika hata mara moja. Alikunywa chai, akanibariki, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma kwamba godoro hunyonya kelele. Usiku nilikusanya magodoro yote ya nyumba, nikayasimamisha sebuleni. Watoto wamefurahi kama ambavyo hawajawahi. Mke wangu amelala kwenye chaga za kitanda na hajanisemesha tangu asubuhi. Nimezima na friji.

Sauti sasa haina mwangwi, ila Mama bado yuko mbali. Nikamwomba aimbe karibu zaidi. Akaikaribia maiki mpaka karibu aibusu. Bado yuko mbali! Maiki ya kisultani, na haisikii mtu aliye puani mwake!

Nimesahau kuwasha friji. Samaki wote wameharibika. Mke wangu sasa ananisemesha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata jibu. Gari! Gari lina viti laini, vioo vinafungwa, halina friji. Na gari ninalo, la shule, lenye pedali mbili za breki na kibao juu ya paa.

Nikamchukua Mama mapema, nikaegesha nyuma ya uwanja wa mafunzo. Mama kwenye kiti cha mwanafunzi, mimi kwenye changu, kompyuta mapajani. Vioo juu. Joto! Mama akajipepea kwa kitabu cha alama za barabarani. Akaanza: mlango nimeufunga... Vizuri kuliko siku zote! Nikapunga mkono, endelea, endelea. Mama anapoimba kwa hisia huweka mkono mbele. Mbele palikuwa na honi.

Tukaanza upya. Safari hii mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mwanafunzi wangu wa saa nne, mwanamke mpole anayeogopa mizunguko ya barabara. Akamwona Mama nyuma ya usukani, akamshauri kwa upole asihofu, mwalimu huyu hukanyaga breki yeye mwenyewe, ndiyo maana tunamwita Mwalimu Breki. Mama akacheka mpaka akashika shingo. Mimi nikaacha kucheka nilipouona ule mkono shingoni.

Mkuu wa shule ameniita. Nimemweleza. Amesema hata yeye mama yake alikuwa akiimba. Akanipa ruhusa ya kazi mpaka Jumatano, kisha akanitaka nirudishe ufunguo wa gari.

Jumamosi, 8 Machi

Bado siku chache na sina kitu. Nina honi tu.

Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea. Nilikuwa nimepanga kumwambia mtoto ni mgonjwa, kisha nikafikiria kumwambia umeme utakatwa. Nilipofika nikajikuta nimesema kweli, sijui ilitokaje. Fundi akavua miwani yake myeusi. Akasema kesho mchana hatagusa hata nyundo. Ila na yeye anataka kusikia.

Nikasema karibu. Mtu mmoja tu, atakaa nje, ana tatizo gani?

Jumapili, 9 Machi

Fundi amekuja na wasaidizi wake, mkewe, na mteja aliyekuja kuchukua geti. Wote wamejipanga kwenye benchi chini ya dirisha langu, kimya kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Halafu wakaingia Dada na Shemeji, wamekuja kumwona Mama. Nikaitupia maiki kanga ya mke wangu. Shemeji akaitazama kanga. Akakitazama kisanduku chake. Akayatazama magodoro. Akasema pale pamependeza. Kisha akakaa.

Mimi na ukaidi wangu tukasimama hapo. Mama ameshakunywa maji, ameshajiweka sawa, ananitazama kwa imani kamili, kama vile mimi ni mtu anayejua anachofanya. Nikaondoa kanga. Nikamwuliza Shemeji, kwa sauti ndogo, kama ana maoni yoyote.

Akasimama polepole. "Naomba niigeuze kidogo tu, shemeji."

Kumbe maiki ile haisikii kwa kichwa. Inasikia kwa ubavu, upande ule wenye alama. Siku zote hizi Mama alikuwa akiiimbia utosini! Shemeji akaisimamisha wima, akageuza alama imwelekee Mama, akapunguza kitufe cha nguvu ya sauti, akamvua Mama hedifoni ili yule mwenzake asimfuate. Ile programu ya rubani akaifunga, akafungua ya bure. Hata ile huruma haikuwepo machoni.

Mama akaimba.

*Lala, mlango nimeufunga,*
*taa nimeipunguza,*
*ukisikia hatua nje,*
*ni baba yu njiani.*

Ubeti wa pili akausahau, akacheka, akatunga mwingine papo hapo, akaweka humo majina yetu ya utotoni, la kwangu likiwa ni Kiherehere. Alipofika mwisho akaimba tena "ni baba yu njiani", taratibu, na safari hii alikuwa akitazama mlango. Dada akafunika uso. Hakuna aliyepiga makofi. Nje, fundi akapenga kamasi kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu.

Tukasikiliza. Mama yuko hapa! Pumzi zake, meno yake, kila kitu. Nikamshika Shemeji mkono na sikujua niuachie lini. Ahsante, nikasema. Akasema kazi nzuri aliifanya aliyenunua maiki.

Jumatatu, 10 Machi

Mama amelazwa. Nimempeleka mwenyewe, kwa basi, na mto wake.

Wimbo ni mzuri sana, ila ile kamasi ya fundi! Mwishoni kabisa, baada ya "njiani": prrrr! Urithi wa ukoo hauwezi kuishia na kamasi. Nimefungua programu, kuna kitufe cha kusafisha kelele. Nikabonyeza, kamasi ikapungua. Nikabonyeza tena. Nikaongeza mwangwi kidogo, upate ukubwa. Safi! Nikahifadhi.

Jumanne, 11 Machi

Mama ameingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Sisi korido. Dada akaomba asikie wimbo ili moyo utulie. Nikafungua kompyuta, nikampa hedifoni, nikimtazama usoni nikingoja machozi. Akakunja uso. Akauliza kwa nini Mama yuko ndani ya tangi la maji.

Nikasikiliza. Kweli. Mama anaimba kutoka chini ya tangi, mdomo umejaa pamba. Kamasi haipo. Lakini na pumzi haipo, na kicheko hakipo. Nikatafuta ule wa kwanza. Nilikuwa nimehifadhi mpya juu yake. Haupo! Na nyuma ya mlango ule, wakati huohuo, wanamkata koo.

Nikatoka uani. Nikasimama karibu na gari la wagonjwa nikisoma namba zake mara kwa mara bila kuzielewa. Shemeji akanifuata. Nikamwambia yote, kamasi, kitufe, mwangwi, nilikuwa nalia kama mtoto na sikujali. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa nyumba. Pamoja na ufunguo, flashi.

"Niliunakili Jumapili, kabla sijavaa viatu," akasema.

Nikamwuliza alijuaje. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kuusafisha wimbo wa harusi yake mpaka bibi harusi akatoweka, na Dada hajui hadi leo. Mtu asiyekosea! Tukacheka pale uani hadi mlinzi akaja kutusihi tunyamaze. Sikuzaliwa na ndugu wa kiume. Nimekaa miaka yote hii nikidhani sina.

Daktari ametoka. Amesema imekwenda vizuri. Nimemkumbatia, na muuguzi, na mlinzi.

Jumatano, 12 Machi

Mama ana bandeji na sauti ya karatasi inayochanwa. Daktari anasema itarudi, haijulikani itarudi ikiwa ipi. Nikainama nisikie neno lake la kwanza. Akanong'ona: "Mke wako amepata samaki wengine?"

Nikamwekea hedifoni, wimbo ule wa flashi. Akafumba macho. Mwishoni, kwenye prrrr ya fundi, mabega yakaanza kumtikisika, muuguzi akaja mbio kumkataza asicheke. Akaomba arudishiwe hapohapo.

Ahsante Mungu kwa kamasi ya fundi.

Jumatatu, 24 Machi

Mama yuko nyumbani. Sauti imerudi, lakini imeshuka, nzito, kama ya dada mkubwa wa Mama ambaye hakuwahi kuwepo. Leo ameimba akichambua mchele. Mwanzo alistuka, kisha akaendelea. Akasema sauti hii nayo si mbaya, itabidi wazoeane tu.

Nimekaa jikoni na moyo umejaa. Daktari, ahsante. Fundi, mkuu wa shule, mwanafunzi wangu wa saa nne, Dada, mke wangu aliyelala kwenye chaga, ahsanteni. Shemeji, kwako sina neno. Amegawa nakala kwa ukoo mzima na kila mmoja amekatazwa kunipa mimi nakala inayoweza kubadilishwa. Ni haki yao.

Hata hivyo, nimepata wazo. Mama wa zamani na Mama wa sasa, waimbe pamoja! Sauti ya juu na sauti ya chini, mama mmoja! Nimemwambia Mama, amekubali kabla sijamaliza sentensi. Shemeji ameahidi kuja Jumamosi, ila sioni sababu ya kumsumbua, mambo yenyewe sasa nayajua.

Nimeona tangazo la maiki mpya, ndefu kama chupa ya chai, ina vichwa viwili. Nimeshaiagiza. Kichwa cha pili ni cha kazi gani sijui, lakini nimewahakikishia wauzaji kwamba ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta.